Kinu Kilichogoma Kijiweni

Kijiwe chenyewe ni benchi moja na ndoo mbili zilizopinduliwa, kwenye kona kati ya ukuta wa kinyozi na ukuta wa stoo. Muuza kahawa alihamia pale makusudi, maana kule barabarani upepo ulikuwa unamzimia jiko na kumjazia majivu vikombeni. Mimi si mtu wa kijiwe, mimi napita na salamu yangu naenda zangu, lakini asubuhi ile nilifika mbio, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, nimekumbatia kinu cha upepo cha binti yangu kama mtu aliyebeba kichanga. Mwalimu wao wa sayansi kaligawa darasa, nusu wachemshe mayai kwa jua kwenye maboksi yaliyobandikwa karatasi zinazong'aa, nusu wawashe taa kwa upepo, na wangu kaangukia upepo. Wiki tatu anakata chupa za plastiki ziwe mapanga manne ya kuzunguka, anafunga mota ya redio kaseti mbovu na kitaa chekundu kama punje ya hindi. Sasa mimi katika kufuta meza, kikaanguka! Nikakisimamisha mezani, kimya. Nikakihamishia kabatini, kimya. Na saa nne, wakati wa mapumziko, mwenyewe anakuja kukichukua akakionyeshe darasani.

Mimi: Volti, kaka yangu, nisaidie, nimemharibia mtoto kazi yake!

Volti ni fundi redio. Alikuwa na kikombe cha pili mkononi, na hakukiacha.

Volti: Pumua, shemeji. Kiweke hapa benchini. Mmh. Mota imekufa.

Kinyozi: Umejuaje na hujaigusa?

Volti: Mota iliyo hai ina sura yake.

Kinyozi alikuwa amemwacha mteja ndani na povu la nusu kidevu, kaja kuchungulia. Pembeni yake Profesa akakunja gazeti. Huyu ni karani mstaafu, jina kalipata kwa kusoma hata magazeti yaliyofungiwa sabuni.

Profesa: Mota haina kosa. Hesabuni mapanga. Manne! Vinu vyote nilivyoviona gazetini vina matatu. Hilo la nne linawazibia njia wenzake.

Muuza kahawa: Basi tulikate.

Mimi: Asiguse mtu!

Nilisema hivyo kwa sababu kinyozi mkasi alikuwa nao tayari.

Kinyozi: Mimi nasema ni chupa. Hizi zilikuwa za maji, zimezoea kutulia. Angetumia za soda, zile zina gesi, zina haraka ya maisha.

Volti: Jamani, kitu kimeanguka. Umeme uliokuwemo umeshtuka, umejificha kwenye waya. Saa yoyote unatoka.

Hapo nikajikuta nimesimama juu ya ndoo. Umeme mimi naujua, nilipokuwa kidato cha pili pasi ilinirusha hadi kwenye kabati, tangu siku hiyo hata swichi naibonyeza kwa mti wa mwiko.

Mimi: Unatoka wapi? Unamrukia nani? Mtoto wangu atakishika hicho!

Volti: Usijali, nauchomoa waya wa taa. Haya, nimeumaliza nguvu.

Profesa: Mnahangaika bure. Dunia inazungukia huku, kinu kimeundwa kuzungukia kule. Hapo kilipo kinashindana na dunia nzima, kimeona aibu kushindwa, kimegoma.

Wote wakatikisa vichwa, maana hilo lilikuwa zito.

Muuza kahawa: Kwangu mimi ni vumbi. Kinahitaji kutulia.

Akachukua gunia, akalitundika upande wa wazi wa kona. Sasa hata moshi wa jiko ukawa unapanda wima kama uzi.

Profesa: Mnaona? Kimeanza kupumzika.

Ndipo gunia likafunuliwa. Binti yangu, kanikosa nyumbani kanifuata huku, sare imechomoka, soksi moja imeshuka, daftari kwapani.

Binti: Shikamooni.

Wote: Marahaba!

Walivyoitikia kwa mpigo, ungedhani wamekutwa wakiiba.

Mimi: Mwanangu, nisamehe, ni mimi, nilikuwa nafuta meza kikaanguka, hakizunguki tena, wajomba zako wamejaribu kila kitu...

Akatazama kinu. Akatazama ukuta wa huku, akatazama ukuta wa kule, akatazama gunia.

Binti: Kwani hapa kuna upepo?

Muuza kahawa akaanza kufuta kikombe kisafi. Profesa akafungua gazeti. Ndani, mteja mwenye povu lililokauka akakohoa.

Binti akakibeba kinu hadi ukingo wa barabara, sisi nyuma yake. Mapanga yakatikisika, yakasita, halafu yakashika kasi hadi huyaoni tena.

Kinyozi: Na lile la nne?

Profesa: Nalo linazunguka.

Alisema kama mtu aliyefiwa.

Binti: Mbona taa haiwaki? Nani kachomoa waya?

Volti akaangalia mawingu.

Binti: Mama, shika huu waya hapa kwenye mguu wa taa.

Mimi: Mimi? Mwambie mjomba Volti!

Binti: Umeme wenyewe mdogo, mama, haukutekenyi hata. Mwalimu alitushikisha darasa zima. Shika, nachelewa.

Nikashika. Macho nimefumba, meno nimeuma, nasubiri kabati.

Binti: Mama. Fumbua.

Kitaa kilikuwa chekundu kati ya vidole vyangu, na vidole vyangu bado vilikuwepo vyote.

Akatoa daftari. Mwalimu alitaka wapime sehemu tatu, na yeye alikuwa na mbili tu, uwanjani na barabarani. Akaandika ya tatu: kijiweni, mizunguko sifuri.

Profesa: Andika pia kwamba tulikuwepo watu wazima watano.

Binti: Nimeshaandika.

Volti akanyoosha mkono anipokee waya, auunganishe vizuri. Nikamwambia aache tu. Tukashika njia ya shule, mtoto kabeba kinu mbele, mimi nimebana waya pembeni yake, na kila upepo ulipokuja taa iliwaka.