Krimu Niliyoisifu Mbele Yenu

Wamama wa kikundi, habari zenu. Leo msinipigie makofi, kwa sababu mara ya mwisho mlinipigia nikiwa nawadanganya bila kujua.

Mnanijua, mimi wa chapati pale Mwiki. Mwaka jana mikono yangu ilitoka mashilingi, yale mabaka ya duara yanayowasha. Mwenzetu mmoja mwenye kiduka cha vipodozi, simtaji, akaniuzia krimu anayochanganya mwenyewe. "Paka tu, mami, hiyo ni kitu kidogo." Siku tatu, mwasho kwisha, duara hazionekani. Nikasimama hapa hapa nikamsifu. Wengine wenu mkanunua kwa sababu yangu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ndugu zangu, nawaambia, mashilingi yale yalikuwa yamejificha tu. Nilipoacha kupaka yalirudi mpaka shingoni, mekundu, hayana hata umbo, ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikarudi kwake. Aliniuzia kikopo kingine, halafu, ili krimu yake isilaumiwe, akawaambia wateja wangu nina ugonjwa wa siri, wasile chapati zangu. Nikazima jiko. Nilifunga na kuomba, wamama, nikiomba aote mapele uso mzima.

Dada yangu wa Ngoliba ndiye aliyenivuta hadi zahanati huku Ruiru. Daktari, msichana mdogo, akaniuliza nimepaka nini. Kwa aibu nikasema mafuta ya kawaida. Hakuniamini. Akakwangua ngozi kidogo, akaiangalia kwa hadubini, akasema hii ni kuvu, na kuna kitu kinachonyamazisha mwasho huku kuvu ikinenepa chini kwa chini. Nikatoa kikopo kwenye mkoba. Nikaacha krimu ile, nikapewa ya kuua kuvu pamoja na tembe. Wiki ya kwanza ngozi iliniwaka moto kwa kuikosa krimu ile. Nilichemsha taulo, nikapiga nguo pasi, nikaendelea kupaka hata ngozi iliposafika, maana ndivyo alivyoniagiza. Sasa tazameni mikono hii. Nakanda unga tena.

Asante dada yangu. Asante daktari yule. Asanteni nyinyi wawili mliokula chapati zangu siku niliyowasha jiko upya, wengine wakipita mbali. Fundisho langu ni fupi: doa lipimwe kabla ya kupakwa chochote.

Na wewe mwenye duka, malipo ni hapa hapa duniani. Jua lote hili umevaa sweta, na tangu tulipofungua kwa maombi unajikuna. Nimekuona ukijikuna hivyo wiki tatu sasa. Nilinyamaza makusudi uendelee kujipaka krimu yako, na nilifurahi sana.

Lakini Jumapili nilimwona mtoto wako mchanga. Duara moja, shavuni. Usimpake kitu. Kesho saa mbili asubuhi nitawapeleka kwa yule daktari, wewe na yeye. Sijakusamehe, na njiani usinisemeshe.