Daktari wa Siku Tatu

Mheshimiwa Mkurugenzi, madaktari bingwa wenzangu, wauguzi mnaotufichia makosa yetu, wazazi na wahitimu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Leo tunamkabidhi cheti binti aliyesomea ubingwa siku tatu kwa wiki, miaka minane badala ya minne, kwa sababu siku zilizobaki, kuanzia Alhamisi, alimuuguza mama yake. Nani kati yetu hakumcheka? Tulimwita Daktari Nusu. Mimi, msimamizi wake, nilimwambia usoni, “Ugonjwa haupumziki Alhamisi.” Akanijibu, “Mama yangu pia haugui kwa ratiba, Profesa.” Nilikasirika, nisiwafiche.

Mwaka wake wa pili, wagonjwa wa wodi namba sita wakaanza kunichanganya. Kila Alhamisi asubuhi nikiingia wananiambia, “Daktari ameshapita.” Yupi? “Yule binti. Ana mikono baridi, na koti amelifunga vifungo kombo.” Nikajua Daktari Nusu anakuja kwa siri ili kujipendekeza. Nikampigia simu. Nikasikia maji yakimwagika, na mama yake akilalamika sabuni imemwingia machoni. Alikuwa nyumbani, anamwogesha.

Nikamuuliza bibi wa kitanda cha dirishani, huyo daktari amekwambia nini?

“Ameniomba radhi, mwanangu. Anasema amechoka sana, ila hajaruhusiwa kuondoka.”

Ndugu zangu, nilitafuta pa kukaa. Nilivuta kiti kitupu cha daktari wa zamu, nacho kilikuwa na joto.

Wengi mnamkumbuka mwanafunzi wangu aliyemtangulia huyu, yule binti wa siku zote za wiki, niliyemsifu ukumbini humu kwamba hajui kuchoka. Alifia kwenye kiti hicho, Alhamisi, saa ya thelathini na nne bila kulala. Vifungo vyake vilikuwa kombo. Na kwangu, kama mjuavyo, mwanafunzi haondoki mpaka nimruhusu mwenyewe. Siku ile nilikwenda mkutanoni, nikamsahau.

Mheshimiwa, kesho bodi inapiga kura kuyafuta mafunzo ya nusu wiki. Mtasema yanatoa madaktari pungufu. Niliyemwona mkamilifu nilimzika. Nawasihi, msiyafute.

Ahsanteni kwa kunivumilia hadi hapa. Neno langu la mwisho si lenu, mniwie radhi. Ni la aliyeko wodi namba sita, maana leo ni Alhamisi.

Binti yangu, umefanya kazi ya kutosha. Nenda nyumbani.