Selmer Tveiten Hakusahau Pampu

Selmer Aksel Tveiten alizaliwa tarehe 9 Novemba 1948, katika shamba la baba yetu, maili sita kaskazini ya mji wa Nordlie, Dakota Kaskazini. Hapana, nimekosea, ni 1947. Majira ya baridi ya 1949, theluji ilipofunika banda la ng'ombe hadi paa, yeye alikuwa ameshaanza kutembea, na mama alimfunga kamba kiunoni asipotee uani. Nimeandika kwa wino, sifuti. Mimi ni Halvor, mdogo wake. Mnanijua kuwa mtu wa polepole, lakini leo, mbele ya jeneza lake, sikuja na upole wangu. Kuna ripoti ya polisi wa kaunti, na kuna maneno kwenye meza za kahawa, kwamba kaka yangu aliuawa na uzembe wa mikono yake mwenyewe. Nitayafikia.

Alisoma shule ya chumba kimoja iliyokuwa karibu na kinamasi cha Hovde, kisha sekondari ya Nordlie, akamaliza Mei 1965. Mimi niliishia njiani. Kwenye hesabu hakuwa wa kutisha. Lakini kila kitu alichokifungua alikipanga kwenye trei ya mayai, kila bolti na tundu lake, na kikaratasi chenye namba. Alipanga hivyo akiwa na miaka kumi, na alipanga hivyo mwezi wa pili mwaka huu.

Kazi yake ilikuwa ngano na ndama, na kila majira ya baridi, magari. Gereji yake haikuwa na kufuli, kama zenu zote. Ukikwama siku ya mavuno unaingia kwa jirani, unachukua unachohitaji, unaandika ubaoni kwa chaki jina lako, kitu na tarehe. Ukirudisha, unafuta. Ubao wa Selmer ulikuwa kushoto ukiingia mlangoni. Miaka arobaini na zaidi haukuwahi kumdanganya mtu.

Tarehe 12 Juni 1971 alimwoa Verna Skogen, hapa hapa kanisani. Mungu aliwapa binti mmoja, Marlys. Nisimulie moja la ndoa hiyo. Mwaka 1992 injini ya petroli ya pikapu ya baba, ya mwaka 1966, ilikufa kabisa. Selmer akapata injini ya dizeli ya gari la kusambaza mikate lililopinduka barabara kuu. Gereji ilikuwa na baridi ya kupasua spana, basi akaiingiza injini ndani ya nyumba, sebuleni, akaikalia kitako na brashi na mafuta ya taa.

"We Selmer, hilo dude litatoka lini humu ndani?" Verna aliuliza, mimi nikiwepo.

"Likishakuwa safi, mama Marlys."

"Miaka ishirini na moja sijawahi kutazamwa hivyo."

"Wewe hujawahi kuvuja mafuta."

Verna akacheka mpaka akaketi. Krismasi akaitandikia kitambaa cheupe, mchungaji akanywea kahawa juu yake na mikate ya viazi, akasifu meza kwa uimara wake.

Machi 1993 ikatoka kwa ubao na magogo, ikaingia kwenye pikapu. Msidhani ni kutoa hii na kuweka ile. Ilikuwa nzito kuliko ya zamani kwa kilo mia na zaidi, kwa hiyo akabadilisha springi za mbele. Vikalio vya injini alivikata kutoka kwenye chuma cha plau. Bamba la kuunganisha injini na giaboksi alilikata mara tatu, mara mbili akalitupa kwa tofauti ya unywele. Redieta ikasogea mbele vidole vinne. Mwisho, breki. Injini ya petroli ikivuta pumzi huisaidia breki, mguu wako unakuwa mwepesi. Ya dizeli haisaidii. Lazima uweke kipampu cha umeme kinachovuta hewa kwa ajili ya breki, la sivyo utakanyaga kama unakanyaga jiwe. Selmer alikiweka kabla hata gari halijatoka mlangoni. Kilipochoka, alikibadilisha.

Wanaume watano wa wilaya hii wana dizeli ndani ya pikapu zilizozaliwa na petroli. Wote watano aliwafundisha yeye, bure, na wote watano aliwaambia habari ya pampu. Wote watano wamekaa hapa leo. Wanne wamebeba jeneza.

Mwaka 2021 alibadilishwa nyonga ya kulia. Mguu haukurudi kuwa na nguvu zake. Hilo ni kweli, na sitalificha.

Kila mtu anajua Selmer hakuwa akiitoa ile pikapu kabla ya Mei, kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, inayokula chuma. Lakini Jumatatu tarehe 17 Machi 2025 gari lake la kila siku lilikataa kuwaka, na ndama watano walikuwa wanasubiriwa mnadani. Akafunga trela kwenye pikapu. Verna alimwona akisimama vizuri getini, kwa sababu mvuto wa hewa uliobaki kwenye breki unatosha kukanyaga mara mbili, tatu. Kwenye mteremko wa Hovde ulikuwa umekwisha. Aligonga nguzo ya daraja. Alifariki Jumanne saa kumi na moja alfajiri, hospitalini, akiwa na miaka sabini na saba.

Nilikwenda kuliona gari walikoliburuta. Polisi alikuwepo na karatasi yake.

"Pole, mzee. Marehemu aliunda gari nyumbani, akasahau kuweka pampu ya breki."

"Kijana, sogea. Huu mpira wa hewa unaokwenda kwenye pampu umezibwa na nini?"

"Bolti."

"Na bolti imekazwa na nini?"

"Kibano."

"Mtu aliyesahau kuweka pampu angeuziba mpira wake kwa kazi gani?"

"Mzee, mimi naandika ninachokiona."

"Basi ona!"

Hakuandika. Nikaenda gerejini. Ubao ulikuwa mtupu: aliyechukua pampu hakuandika, au amefuta. Nikaenda kwenye meza ya kahawa ya ghala la ushirika, nikauliza. Gaylen Rustad, mmoja wa wale watano, akanishika bega.

"Halvor, acha kuchokonoa. Kaka yako alikuwa mzee, mguu mbovu, trela nzito."

"Gaylen, mguu ulikuwa mbovu mwaka jana na mwaka juzi, akashuka Hovde na trela hiyo hiyo. Nakuuliza habari ya pampu, unanijibu habari ya mguu."

Mmoja akacheka, akaacha. Wengine wakakumbuka ghafla kwamba wana ng'ombe.

Aliyeichukua hakukusudia kuua. Najua. Alijua pikapu imelala mpaka Mei, akajisemea ataileta kabla. Mimi mwenyewe nimechukua vitu hivyo hivyo. Kosa hilo ningelisamehe kabla hatujafika makaburini. Siwezi kusamehe siku tisa za kunyamaza, huku Marlys anasomewa ripoti kwamba baba yake alikuwa fundi mzembe, na jirani anakuja na sahani ya chakula, anaketi, anaikubali.

Selmer ameacha mke, Verna, binti, Marlys, na mumewe Curt, wajukuu wawili, Britta na Anders, dada yetu Solveig wa Minot, na mimi. Mungu ampe Selmer pumziko, alifanya kazi ya kutosha. Mimi sijapewa langu.

Ninyi watano nimewauliza mmoja mmoja, ghalani, nyumbani, na asubuhi hii mlangoni mwa kanisa, wanne wenu mkiwa mmeshavaa glavu za kubebea jeneza. Nauliza tena mbele yake, na gari zenu zote ziko hapo nje: pampu ya Selmer iko kwenye gari la nani?