Mafuta ya Nazi Ndani ya Glavu

Wapendwa, asanteni kwa kunipa nafasi. Wengi mnanijua kwa kuchekesha watu hapa wakati wa chai. Leo sichekeshi.

Nilipofika London nilipata kazi kwenye karakana ya sili, zile pete za chuma zinazozuia gesi ya moto isivuje ndani ya injini za ndege. Pete tupu ingelika upesi kwa joto na msuguano, kwa hiyo hupuliziwa unga wa metali ulioyeyushwa, ukaganda juu yake kuwa tabaka gumu. Mimi nilikuwa naziandaa: napiga pete mchanga kwa upepo wa mashine mpaka ikwaruzike, kisha naifunga kwenye mashine ya kupulizia. Hapo haiguswi tena kwa mkono mtupu. Ikipata mafuta kidogo tu, tabaka halishiki.

Mpuliziaji alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza, mkazi wa Kenton. Ndiye aliyenifundisha kazi, na kwa Kiswahili.

Sasa ile baridi. Wanawake wenzangu mnajua viganja vinavyopasuka. Mimi mtu wa Tanga, dawa ninayoijua ni mafuta ya nazi. Kila asubuhi pale Kilburn najipaka mpaka mikono inang'aa, nikifika kazini navaa glavu za pamba. Nilijiona nimefuata sheria. Kumbe pamba inanyonya.

Matabaka yakaanza kubanduka kwenye tanuru la majaribio. Leo pete moja, kesho tatu, halafu trei nzima. Wakabadilisha unga, wakafungua mashine yote, wasione kitu. Mwisho supavaiza akasema mkono wa mzee umechoka. Mzee akarudishwa nyumbani wakati wanaamua kama wamfukuze.

Kesho yake nikavua glavu, nikaona vidole vya glavu vina madoa ya mafuta. Nilielewa palepale, na nikanyamaza.

Kibali changu cha kukaa nchi hii kilitegemea kazi ile, na nina watoto wawili. Nikaacha mafuta kimya kimya, nikachukua glavu mpya. Mpuliziaji mwingine akapuliza, matabaka yakashika. Watu wakasema, "Mnaona? Alikuwa ni mzee." Yaani kule kujirekebisha kwangu ndiko kulikomhukumu.

Nilikuwa nafungua bomba bafuni ili watoto wasisikie nikilia. Nilitamani kufa, nasema wazi.

Nikaja hapa, nikasema nina mzigo, mkaniombea. Wakati wa kutoka, dada mmoja akanisindikiza kituo cha basi.

"Tumekuombea nini hasa?" akauliza.

Nikamweleza yote.

"Usimsumbue Mungu kwa jambo ambalo mdomo wako unaliweza," akasema. "Jumatatu nakupitia, twende wote mpaka getini."

Alinipitia kweli. Nikaingia na glavu zile za zamani, nikamwambia supavaiza. Tukaandaa pete mbili, moja nikaishika kwa glavu za zamani, nyingine kwa mpya. Ile ya kwanza ilitoka tanuruni tabaka lake linabanduka kama ganda la yai.

Mzee akarudishwa wiki ileile. Mimi niliondolewa kwenye mashine, nikafagia mchanga miezi mingi bila kujua kama nitafukuzwa. Hawakunifukuza.

Mzee alinikuta nafagia. "Ulijua kwa siku ngapi?"

"Kumi na nne, mzee."

"Siku zote hizo nilitoka nyumbani asubuhi na chakula changu," akasema, "nikakaa maktaba mpaka jioni, mke wangu asijue."

Hajanisamehe mpaka leo, na simlaumu.

Namshukuru dada yule, yumo humu, anajijua. Namshukuru na supavaiza kwa kunisikiliza. Nanyi ninawaomba: ukiona mwenzako anabeba kosa lako, sema siku hiyohiyo, ukiwa bado unatetemeka. Mimi nilibaki na kazi. Zile siku za maktaba sina namna ya kumrudishia mzee. Kwa hiyo leo mkiomba, mimi niacheni kidogo, muanze na yeye.