Mluzi wa Zachariah Wamalwa

Wazee, mama zetu na majirani, historia hii inasomwa na Nekesa, binti ya marehemu, na mjue mapema kwamba jana kamati ya mazishi ilikata nusu yake na kuandika tu kuwa marehemu "alipenda muziki", naye Nekesa ameirudisha yote.

Marehemu Zachariah Wamalwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Ziwa, mtoto wa pili wa kibarua wa shambani, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, na mwaka wa 1969 akaajiriwa katika jumba moja la sinema mjini Eldoret, kwanza akibeba mikebe ya filamu, kisha akiendesha mashine, mpaka jumba lilipofungwa mwaka wa 1988, akawa karani wa stoo ya mahindi hadi kustaafu.

Jumamosi tarehe 9 Novemba 1974 alionyesha sinema ya Kiitaliano ya mjane anayepiga pasi mashati ya marehemu mumewe, na muziki wake ukamwingia moyoni, kakake mkubwa Simeon akiwa ameketi naye kwenye chumba cha mashine. Amri ya mwenye jumba ilikuwa mashine izimwe hadithi ikiisha tu, majina ya mwisho yasionyeshwe, umeme usije ukapotea bure, naye akatii, akazima, asilijue jina la mtunzi, na hakujisamehe.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na Selpha Nakhumicha, wakajaliwa Nekesa na Byron, na nyumba yao ya Langas ikajaa santuri za sinema za kale za Italia, Ufaransa na Chekoslovakia, mia mbili na kumi na mbili, kila moja ikiagizwa kwa matumaini ya kuupata muziki ule na kila moja ikiwa siyo. Aliandika barua, aliwapigia mapadri wa Kiitaliano wimbo ule kwa mluzi, wakatikisa vichwa, mpaka Aprili 2023, Byron alipomtumia muuza santuri mmoja mzee wa Torino mluzi wa babake kwa simu, na mzee yule akautambua, akaituma santuri yenyewe. Marehemu alilia kama mtoto, kisha akasema, "Huu ndio mtanizika nao."

Februari 2025 figo zilianza kushindwa, akalazwa. Jumamosi tarehe 7 Juni, Mama Selpha akiwa wodini, Simeon alifika nyumbani Langas na kikundi chake cha maombi, akasema ugonjwa unatoka kwenye nyimbo za lugha isiyojulikana, wakazichoma santuri zote uani, na ile ya Torino ikiwemo. Marehemu alipoambiwa aligeukia ukuta, hakupiga mluzi tena, akafariki Jumanne tarehe 17 Juni 2025. Figo ndizo zilizomuua, Nekesa hasemi uongo mbele ya jeneza, lakini moto ule haukumtibu mtu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Langas, makarani wenzake na yule mzee wa Torino. Kikundi cha maombi Nekesa hakishukuru, na asiombwe kusamehe leo.

Santuri ni majivu, lakini watu wote wa ploti yetu wanaujua wimbo ule, maana aliupiga mluzi kila asubuhi akipaka viatu rangi, kwa hivyo tutaupiga sisi jeneza likishuka. Baba Mkubwa Simeon, wewe uliusikia kabla yetu sote, utaanza wewe.

Pumzika, Baba, hasira tuachie sisi.