Darasa Lililojibu Kabla ya Kuulizwa

Ndani ya basi, fundi cherehani alitega sikio. Mbele yake walikaa wanachuo wawili wa ualimu, wanakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha.

"Leo mkufunzi ananipima," alijigamba mwenye miwani. "Hesabu za sehemu nimewakaririsha watoto wiki nzima. Watatiririka kama maji."

"Hata wangu niliwakaririsha, shoga. Jana niliandika tarehe tu, darasa zima likaitika, 'Robo tatu, mwalimu!' Mkufunzi akanifelisha papo hapo."

Fundi alimkumbuka mwanawe, anayeimba robo tatu hata usingizini na kushindwa kugawa chungwa.

"Sasa nifanyeje?" Miwani aliuliza, majigambo yamemkauka.

"Wafundishe wasichokijua."

"Hicho hata mimi sikijui, mwenzangu."

Basi likasimama mbele ya shule.