Miaka Mitatu ya Jenerali Yefim Kolodin

"Wewe Pelageya, hivi kaka yako alikuwa wapi ile miaka mitatu?" Jirani yetu Glafira aliniuliza hivyo tukiwa kisimani. Nikamwambia, "Chota maji yako, Glafira." Leo namjibu mbele yenu.

Marehemu Jenerali Yefim Savvich Kolodin alizaliwa tarehe 9 Februari 1899 hapa Zaruchye, mtoto wa kwanza wa Savva mhunzi na mama yetu Akulina. Alisoma miaka minne shule ya kanisa. Viatu vya baridi nyumbani vilikuwa jozi moja, kwa hiyo siku mama akienda gulioni, yeye hakusoma.

Mwaka 1919 aliingia jeshini. Huko alikutana na Arseni Tumanin, naye jenerali leo, wakawa wanakula kwa kijiko kimoja. Mwaka 1925 alimwoa Lidia, muuguzi, aliyetangulia mbele za haki mwaka 1951.

Tanzia mliyoshika mikononi imeandikwa na Jenerali Tumanin. Ni nzuri, Mungu ambariki. Ila inatoka Juni 1938 na kutua Julai 1941, kama mtu anayeruka dimbwi. Marehemu alikuwa kifungoni kaskazini, akikata miti. Alifungwa kwa barua ya mtu aliyejua maneno yaliyosemwa mezani kwake, na mezani walikuwa watatu tu: marehemu, Lidia na mgeni mmoja. Alirudi na meno matano, akapewa kikosi, akapigana mpaka ushindi.

Januari hii aliugua mapafu. Tumanin alikuja mara tatu. Homa hakuiuliza. Aliuliza, "Yefim, kumbukumbu zako umeziandika?"

Nikamwambia marehemu, "Kaka, huyu anatafuta kitu."

"Wewe unamshuku hata paka."

"Paka najua anataka maziwa. Huyu je?"

Akageukia ukutani, akakohoa.

Alifariki tarehe 3 Machi 1966, saa nne asubuhi, nikimsomea zaburi. Ameacha binti yake Nina, wajukuu wawili, na mimi dada yake. Bwana amlaze pasipo na baridi.

Jenerali Tumanin yupo hapa, kofia mkononi. Nilikuwa na swali langu kwake, nimelibeba miaka mingi. Lakini siku moja kabla ya kufa, marehemu alinishika mkono akasema: "Arseni akija kunizika, mpe chai, mkalishe karibu na jiko, wala usimuulize kitu."